Nywele za Bibi wa Mbarara

Mama mkwe wangu mtarajiwa alinikuta ninachana nywele ndani ya beseni.

Nywele ndefu, za kijani. Kichwa hakikuwepo.

Beseni la maji, taa ya sola juu yake, kitana mkononi, na mimi nimechuchumaa naimba taratibu. Mlango nilikuwa nimeurudishia tu, mjinga mimi.

"Byamungu," Mama Apolline akasema kwa sauti ndogo sana. "Uko unachana nani?"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kaeni vizuri niwape.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, naishi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Kazi yangu iko Mbarara, kule Kakiika, kwa mama mmoja anaitwa Bibi Lailah. Huyu mama amezaliwa Mombasa, akaolewa huku kwenye ng'ombe na matoke, na bahari imemshinda kuisahau. Sebuleni ana tangi la kioo refu kuliko kitanda changu, limejaa maji ya chumvi. Ndani hamna hata samaki mmoja.

Anafuga majani.

Ndiyo, majani ya baharini. Mwani. Kuna mwekundu, kuna wenye vishada kama zabibu, na kuna mmoja wa kijani, mwembamba kama uzi, umejisokota kiasi kwamba ukiuona unadhani mtu kazama. Huo mwenyewe anauita "nywele zangu". Kazi yangu ni kuukorogea chumvi yake maalum, kuuwashia taa na kuuchana uchafu utoke.

Sasa hebu jaribu wewe kuwaambia wakwe kwamba unalipwa kuchana majani. Mimi nilikuwa nawaambia nafanya bustani, yakaisha.

Basi tangi likapata ufa. Bibi akaniambia, "Byamungu baba, nenda nazo kwako mpaka fundi alete kioo. Zikifa hizi na mimi nimekufa." Nikazibeba kwenye ndoo hadi Nakivale.

Wiki hiyohiyo wazee wa Apolline walikuwa wanipe jibu la posa yangu, siku ya Jumapili. Na wiki hiyohiyo mvua ikavujia kwenye beseni, majani yakaanza kupauka. Ndiyo maana mnaniona nachana na kuimba. Nilikuwa nambembeleza mgonjwa.

Kwa wasiojua: kwetu kuna mamba muntu. Mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki. Nywele ndefu, kitana mkononi. Mwanaume akizipata nywele zake anatajirika, ila hawezi tena kuoa msichana wa nchi kavu. Yule wa majini ana wivu.

Sasa jumlisha mwenyewe.

"Hii manyele ni ya nani?" Mama akauliza.

Mdomo ukatoa neno tunalolitumia Kakiika kutwa nzima.

"Ni za Bibi, mama. Bibi wa Mbarara."

Jamani! Kwa watu wa Mombasa, bibi ni mwanamke wa heshima. Kwa sisi Wakongomani, bibi ni mke.

Mama akashika kichwa. "Yesu wangu! Iko na bibi! Na bibi yake anaishi mu maji!"

Nikafungua mdomo nieleze. Simu ikaita. Simu yangu mbovu, ukipokea inaropoka kwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikia.

"Byamungu! Nywele zangu umezichana leo? Usimpe mtu kuzishika! Nakuja mwenyewe kuzichukua!"

Mama Apolline alitoka mbio, kandambili moja akaiacha mlangoni kwangu.

Haukupita muda, kikundi chote cha maombi cha Mama kilikuwa uani kwangu. Mbele yao Dikoni Bonaventure, shemasi wao, ameshika pakiti ya chumvi iliyoombewa. Mama Apolline ndiye aliyekuwa anakemea kuliko wote. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena, kila mara anakemea beseni kwa karibu zaidi.

Apolline akanivuta pembeni, macho mekundu.

"Sema kweli. Kuna mutu mule ndani?"

"Ni majani, Apo."

"Majani gani inachanwaka?"

Iliniuma sana. Huyu binti ndiye aliyenibebea uji nilipoumwa malaria, nilikuwa namtaka maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nampoteza kwa ajili ya beseni.

Dikoni akamimina chumvi yote. "Ungua! Ungua!"

Hakikuungua kitu.

Kesho yake asubuhi wakarudi kuchukua maiti ya pepo. Wee! Yale majani yalikuwa yamesimama, kijani kibichi, yametoa vipovu vidogo vidogo kila mahali.

"Inapumua!" mtu akapiga kelele. Dikoni ndiye aliyetangulia kufika barabarani.

Na barabarani hapo gari likasimama. Akashuka Bibi Lailah, amevaa buibui jeusi linaloburuza chini.

Watu wakaganda. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote walikuwa wanatazama chini, pale miguu inapotakiwa kuwa.

Bibi akapita, akaingia, akainamia beseni. "Nani ametia chumvi humu?"

Dikoni, aliyerudi polepole, akanyoosha kidole chake.

"Mungu akubariki, baba! Si chumvi yake, lakini maji yalikuwa yamepungua ukali. Umeniokolea nywele zangu."

Maskini Dikoni. Kaja kumuua shetani, shetani mwenyewe kaja kumshukuru. Alikaa chini kwenye jiwe, akaomba maji ya kunywa.

"Tuonyeshe miguu," akasema Mama Apolline.

Bibi akacheka, akanyanyua buibui. Miguu miwili, ina hina, na sugu moja kwenye kidole.

"Miguu, hata miguu watu banaazimaka," Mama akajibu. "Muntoto yangu hataolewa hapa."

Bibi akawa anahamisha majani kwenye ndoo. Mara akazipima kwa mkono. "Mbona zimepungua? Kuna mtu amekata." Akatuangalia mmoja mmoja. Akaondoka zake.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa kina Apolline kabla wazee hawajakaa. Nilibeba ile kandambili. Nilisema nitaomba mara ya mwisho, nikikataliwa nirudi nikalie kwangu.

Mama alikuwa jikoni nje. Nikaingia sebuleni, nikainama kuiweka kandambili nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango kulikuwa na chupa ya mayonezi, imefunikwa kitambaa cha maombi. Ndani, nywele za kijani. Pembeni, kitana kipya, bado kiko kwenye nailoni yake.

Nikasikia mtu anapumua mgongoni kwangu.

Tuliangalia ile chupa wote wawili, mimi na Mama.

"Byamungu, muntoto yangu," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Hii kitu... mbona inageuka nyeupe? Inakulaka nini?"

"Chumvi, mama."

Akachungulia nje, akafunga mlango.

"Na harusi munataka siku gani?"

Wazee walishangaa siku hiyo. Mama aliyekuwa anawaka moto ndiye aliyenitetea mpaka jasho. Wakashangaa tena kwenye mahari, maana juu ya mbuzi na vitenge aliongeza mfuko mzima wa chumvi, na akakataa kusema ni ya nini. Mimi na Apolline, ambaye nilikuwa nimeshamnong'oneza, tuliangalia chini tusicheke.

Ndugu zangu, mtu akimkemea pepo wako kwa kelele nyingi, usimjibu. Mrudishie kandambili yake kwake, na ukifika, chungulia nyuma ya mlango.

Utajiri wenyewe mama mkwe bado anausubiri. Ila majani yake, niseme ukweli, yamependeza kuliko ya Bibi.