Mwanangu Anakuja Krismasi, Nami Sijui Kama Nibakize Chakula

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu, maana wengi niliowafundisha wanasoma hapa, na wengine watoto wao.

Nina miaka sabini na moja. Ni mwalimu mstaafu na mgane, naishi kijiji kimoja karibu na Masasi, kwenye nyumba yangu na mikorosho yangu michache. Nimechoka, ndugu zangu, na si uchovu wa jembe.

Marehemu mke wangu alikuwa mtu wa Newala. Alipofariki, mwanangu wa kiume, aliyeoa na kufanya maisha Ulaya, alikataa nikae peke yangu, akanichukua. Nilikaa kwake miezi minane. Mkwe wangu ni mzaliwa wa huko, mwanamke mpole, anashinda kazini na jioni bado anapika. Wana mtoto mmoja wa kiume, ana miaka saba.

Kabla sijaendelea, niwaeleze jambo wasiokulia kwetu. Katika nyumba niliyolelewa, baba hakumaliza chakula. Unakula, lakini unabakiza matonge mawili matatu na kipande cha kitoweo, halafu unaita mtoto. Mtoto anayepewa sahani ya baba amepewa heshima. Tulisema amekula baraka. Baba anayefuta sahani tulimwita mroho. Ndivyo baba yangu alivyonilea, nami nikamlea hivyo mwanangu.

Basi kule Ulaya nikaendelea na desturi yangu. Mkwe akipika viazi na samaki, nabakiza kipande kizuri cha samaki na kumtazama mjukuu. Mkwe anakuja, anachukua sahani, anamwaga kwenye ndoo ya taka. Kila jioni. Niliumia. Nilijiambia kwamba huyu mama hataki mtoto wake apokee kitu mkononi mwangu. Lakini sikusema, kwa sababu kwetu baba mkwe hamhoji mke wa mwanawe juu ya chakula.

Kumbe naye alikuwa anaumia. Akawa anabadilisha mapishi: leo tambi, kesho wali. Siku moja alihangaika mpaka akapata unga wa muhogo kwenye duka la Waafrika, akasonga ugali wenye mabonge mengi. Nilifurahi karibu kulia. Nilikula polepole, kisha nikabakiza sehemu kubwa kuliko siku zote, na nyama mbili juu yake, kwa kuwa ndicho kitu bora nilichokuwa nacho cha kumpa mjukuu. Mkwe aliitazama ile sahani, akainuka mezani.

Wiki iliyofuata wakanipeleka mgahawani, mahali pa kuku wa kuchoma. Nilibakiza paja, nikaisogeza sahani kwa mjukuu.

"Chukua, mjukuu wangu. Hili lako."

Mama yake akaizuia sahani kwa mkono, akasema maneno kwa lugha yao, sauti ikitetemeka.

"Anasemaje?" nikamuuliza mwanangu.

"Anasema mtoto hali makombo, Baba. Na anauliza, chakula chake kina kasoro gani miezi yote hii."

"Kwani hukumweleza?"

Akainamia sahani yake.

"Umekula sahani yangu tangu unaota meno. Mkeo hukumweleza?"

"Nilimwambia huna hamu ya kula."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Ningemwambiaje, Baba? Kwamba mimi na dada tulikuwa tunakaa mlangoni, tunaangalia mkono wako, tunaomba ushibe mapema?" Alisema bila hasira, akikunja kitambaa cha mezani. "Wewe unaita baraka. Mimi nakumbuka njaa."

Niliukumbuka ule mlango. Kuna miaka mikorosho haikuzaa, tukawa tunaishi kwa ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, na mlo mmoja wa ugali. Nilikuwa nikiwaona wamekaa pale kimya, nikajisifu kwamba watoto wangu wana adabu.

Mwanangu akamgeukia mkewe, wakazungumza muda mrefu. Sijui alimwambia kiasi gani. Mkwe alinishika mkono akasema, kwa Kiswahili chake kidogo, "Samahani, Baba." Kuku akapoa. Baada ya wiki mbili niliomba kurudi nyumbani.

Jirani yangu, Mama Neema, aliponiona alicheka. "Mwalimu, huko walikunyima ugali? Umekuwa kama mti wa muhogo." Nikamwambia nilishiba sana.

Tangu nirudi, mkwe hutuma picha ya chakula chao cha jioni kwenye kundi letu la familia katika simu, kiwe cha nyumbani au cha mgahawani. Katika kila picha, sahani yake ina sehemu ndogo iliyobakizwa pembeni, na chini ameandika: "Ya babu." Nami namtumia picha za kwangu, ugali na kisamvu, au mbaazi. Mwanangu yumo kwenye kundi hilohilo. Anaziona, hasemi kitu.

Sasa Krismasi wanakuja wote watatu. Mkwe ameandika kwamba mtoto hasemi lingine, siku ya kwanza atakula baraka ya babu.

Ndipo nilipokwama. Nikibakiza, mwanangu atakuwa amekaa palepale, mbele ya mlango uleule, akinitazama. Nikimaliza, mkwe aliyejitaabisha kuijua desturi yetu ataona nimemkataa mara ya pili, na mjukuu atangoja bure, kama baba yake alivyongoja siku nilizokuwa na njaa mimi mwenyewe nikaimaliza sahani. Nimempigia mwanangu simu mara tatu nimwombe radhi kwanza. Mara zote tatu nimeishia kumuuliza habari za baridi.

Ninyi mliolea na mliolelewa, nielekezeni. Siku hiyo chakula kikishatengwa, na macho yao yote yako kwenye mkono wangu, nifanye nini?