Korongo wa Kubwimana

Jirani yetu hapa Busanza, Kubwimana, ni fundi viatu aliyekulia Bujumbura. Mwezi wa kumi na moja ukifika, hashiki kiatu cha mtu kabla ya kutazama juu. Anawatafuta korongo weupe, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya. Kule utotoni aliwaona kila mwaka; tangu arudi Rwanda hajawaona, lakini mwaka huu akawaahidi watoto wetu kwamba watawaona. Sisi akina mama tukamwambia, "Jumamosi hii moja tu. Wasipoonekana, usituchukulie tena watoto."

Nilienda naye, mdogo mgongoni, Shimwa wangu nimemshika mkono. Kule kilimani akawapanga watoto mstari. "Mikono kifuani, kimya, macho juu. Korongo hapendi fujo."

Wakatii. Hata kanisani sijawaona wametulia hivyo.

Ndipo akapita mukecuru Gahongayire, bibi kizee asiyeachana na rozari, akawakuta watoto wamekodoa macho mbinguni, hawapepesi. Mwavuli ukamtoka mkononi.

"Yezu weee! Wanamwona nani?"

Huku kwetu Bikira Maria aliwahi kuwatokea wanafunzi, basi hakungoja jibu. Akapiga magoti palepale kwenye matope.

"Bibi, tunangoja ndege," nikamnong'oneza.

"Nyamaza, mtoto wewe. Na Roho Mtakatifu alikuja kama nini?"

Wa pikipiki wakasimama, wakavua kofia. Muuza maziwa akatua madumu. Kufumba na kufumbua kilima kizima kinaimba.

"Jamani, mnawafukuza!" Kubwimana akalia.

"Ndiyo, mashetani wote!" akajibu wa pikipiki mmoja, na sauti zikapanda.

Kubwimana akayatazama mawingu. Kisha akapanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu, huu ni mwezi wa marehemu. Tufumbe macho, kila mmoja awaombee wake kimoyomoyo."

Kukawa kimya kabisa.

"Na wewe kiongozi, fumba," Gahongayire akamwambia. Masikini, akafumba.

Kivuli kikatupitia. Shimwa akanibana vidole. Watoto hawakuwa wamefumba, na mimi, Mungu anisamehe, nilifungua jicho moja.

Gahongayire aliposema Amina, Kubwimana akatazama juu. Mawingu matupu.

"Wamepita?"

"Wengi, mzee!"

"Miguu?"

"Myekundu! Wameinyoosha nyuma hivi!" Shimwa akalala kifudifudi kwenye matope kumwonyesha.

Kubwimana akaketi, akacheka huku anafuta macho.

"Jumamosi ijayo pitia tena nyumbani uwachukue," nikamwambia.

"Saa ngapi?" akauliza mukecuru Gahongayire, akipangusa magoti.