Maji ya Shemeji

Hapana, sauti ya shemeji siifanyi tena. Ukitaka ya padri nitakupa. Ya mwenyekiti wetu wa jumuiya nitakupa na nyongeza, hata ya jogoo wa jirani anayewika saa nne asubuhi kama mtu aliyelala na pombe. Ya shemeji, hapana. Najua hujauliza bado. Lakini wote mnaishia hukohuko, "Bibi, tufanyie na yule marehemu," ndiyo maana natangulia kujibu.

Kusoma sikusoma mimi. Tulifundishwa kulima matuta: unafukia majani chini ya udongo, unayaacha yaoze, mwaka wa pili ndiyo unapanda juu yake. Haya nayasema, mjukuu anaandika. Lakini masikio Mungu alinipa. Mtu akipita hapa kwangu Izia akatamka maneno mawili, akifika kona sauti yake imeshabaki kwangu. Wananiambia nina kipaji. Kipaji! Siku namzika mwanangu wa kwanza nilifungua mdomo nilie, ikatoka sauti ya mama yangu. Watu wakageuka kutazama, maana mama alikuwa amekufa zamani. Ndipo nikajua kilio changu mwenyewe sina. Nikiumia, anatokea mtu mwingine.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wangu. Tumbo letu lilizaa tisa, tumebaki wawili, mimi na yeye. Walikuwa wanakaa Kate, wanalima mahindi na ulezi. Na shemeji ni mtani wako, unamsema mbele yake na anakusema, hakuna kesi. Yule mzee nilimsema mpaka nikachoka, kwa sababu alikuwa hasifu kitu. Ukimletea chakula anakohoa kwanza, *ehm-ehm*, mara mbili, halafu, "Mke wewe! Huu ugali umepikwa au umesimuliwa?" Akionja mboga, "Hii chumvi imewekwa au ilipita kusalimia?" Kila asubuhi mdogo wangu anamchemshia maji ya kuoga, si unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, na kila asubuhi inatoka sauti bafuni, "Maji haya yameota moto au yameonyeshwa moto?"

Miaka yote hiyo mdogo wangu anacheka tu. Asubuhi moja hakucheka. Aliamka na mgongo unamuuma, akamwambia, "Leo kayachemshe mwenyewe, una mikono." Akabeba jembe akaenda shamba. Mzee akaoga maji ya baridi, akarudi kujilaza. Mchana alipoitwa ale, hakuitika.

Daktari alisema ni moyo, ulikuwa unaumwa siku nyingi. Mdogo wangu alisema ni maji.

Msibani nilifanya kazi yangu ya utani. Nilivaa koti lake, nikachukua fimbo yake, nikazunguka kwenye masufuria ya wapishi: *ehm-ehm*, "Haya maharage yameiva au yamekata tamaa?" Wakacheka mpaka wabeba jeneza. Mdogo wangu naye akacheka, machozi yanatiririka, ananipiga mgongoni, "Ndiye! Ndiye kabisa!" Nikajiona nimemponya. Eti mganga!

Baada ya kuanua matanga nikamchukua, nikaja naye hapa Izia. Nilimwambia, kukaa peke yako na ile nyumba utaokota maneno ukutani. Akaja, na kimya chake. Anapepeta ulezi, anafagia, anakaa. Ukimuuliza, "Umelalaje?" anasema, "Nimelala." Jioni moja aliniambia jambo moja tu: "Dada, mtu akifa na kinyongo na wewe, utamwomba wapi msamaha?" Mimi nikafanya mzaha, nikasema mwombe mahakamani. Hakucheka. Hakulirudia.

Nikampeleka kituo cha afya, kuna binti pale wa kuongea na watu wenye mawazo. Binti mzuri, sauti laini kama anamlaza mtoto. "Mama zangu, karibuni. Binadamu tuna hisia chanya, na tuna hisia hasi."

Nikamkatisha. "Subiri mwanangu. Hizo hasi zimehasiwa na nani? Sisi tunahasi dume la kulimia, basi."

Binti akacheka mpaka karatasi zikamwanguka. Akasema, "Bibi wewe! Hasi ni zile zinazoumiza. Huzuni, hasira, kujilaumu. Na hatuzifukii, tunazitaja." Akamgeukia mdogo wangu. "Mama, sasa hivi unajisikiaje?"

Mdogo wangu akafikiri sana. Akasema, "Najisikia baridi."

Binti akadhani anataka dirisha lifungwe, akasimama akalifunga. Mimi nilikuwa nimeelewa ni baridi ipi.

Njia nzima nilimwiga yule binti, nikawaiga na wagonjwa. Mdogo wangu akasimama katikati ya barabara, bodaboda wanatukwepa, akasema, "Acha hao. Nifanyie mzee."

Nikamfanyia. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyevuliwa mzigo. Basi, ikawa kila siku. Anapika, ananiletea sahani, anasubiri. Nisipokohoa, hali. Nikikohoa, "Huu ugali umepikwa au umesimuliwa?" anajibu, "Umesimuliwa, na wewe utashiba maneno!" anakula. Alinenepa kidogo. Binti yangu wa kuzaa akanionya. Huyu anaongea kama anagombana na nzi: "Mama, mama, acha hiyo, mama, huo si mzaha tena, mama." Nikamwambia, wewe ulimpa nini akala?

Kumbe mdogo wangu alikuwa anaamka kabla yangu. Siku hiyo niliwahi kutoka, umande umekaa juu ya majani ya maboga, nikamwona anainjika maji. Yakachemka. Akayamimina kwenye ndoo, akachanganya, akajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akayapeleka bafuni. Hakuingia kuoga. Akaweka ndoo, akatoka, akasimama nje ya mabati ya bafu mikono ameikunja, anayangoja yapoe. Nikaelewa kwa nini kila siku nilikuwa nakuta ndoo ya maji baridi bafuni, nami namlaumu mjukuu kwa uvivu.

Ningeweza kwenda kumshika. Mtu mwingine angemshika. Mimi nikazunguka nyuma, nikaingia bafuni kwa upande wa bustani, nikasimama na ile ndoo inafuka moshi. Nikakohoa. *Ehm-ehm.*

Huko nje mdogo wangu akasema, na hakuwa anaongea na mimi, "Mzee. Siku ile uliondoka na kinyongo?"

Nataka unielewe hapa. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. "Mke wewe! Maji haya yameota moto au yameonyeshwa moto?" Hilo tu. Ndilo angelisema mwenyewe, hata kama angefufuka na sanda yake. Mdogo wangu angecheka, angelia, angesema jambo lake lote, likaisha.

Lakini huruma ilinishika. Na huruma haijui kuiga. Nikamwona mtoto yule niliyembeba mgongoni nikienda naye kisimani, amesimama nje ya bati anasubiri aambiwe hana kosa. Nikasema, kwa sauti ya shemeji, "Sina kinyongo, mama watoto. Maji yako yalikuwa mazuri. Siku zote yalikuwa mazuri."

Nikatoka. Alikuwa ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mchana alipanda gari la Kate, na kirago chake, na ungo wake. Nikipiga simu anapokea mwanawe, "Shikamoo mama mkubwa, mama yuko shamba." Nikipiga jioni, yuko shamba. Nikipiga mvua inanyesha hata simu haisikiki, yuko shamba. Namwiga huyo kijana vizuri, lakini hakuna anayecheka. Nami bado nakohoa peke yangu nikiinjika maji, halafu naishia hapo kwenye kikohozi, kinachofuata hakitoki.

Alichoniambia pale bafuni nitakisema mara moja. Sauti yake sihitaji kuiiga, ni ya mama, ni kama hii yangu. Aliichukua ndoo, akayamwaga maji yote kwenye maboga, akasema:

"Mume wangu hajawahi kuyasifu maji yangu hata siku moja. Kumbe amekufa, na wewe ni wewe tu."