Mke wa jirani alituma video ya kimbunga, tukaitambua: ni muvi tuliyoitazama jana yake

Habari za muda huu wakuu.

Haya niliyaona mwenyewe, nilichobadilisha ni majina tu.

Mimi ni mwalimu, kwetu Singida, nafundisha Newala. Nimepanga kwa mama mmoja mtu mzima, tumwite Bi Somoe. Ukuta kwa ukuta na sisi anakaa Baba Shukuru, mkulima wa korosho, shamba lake liko Chilangala.

Kipindi hicho mkewe, Mama Shukuru, alikuwa Mtwara vijijini, pwani kabisa, amekwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Alishaahirisha kurudi mara mbili, safari hii aliahidi Jumatatu. Jamaa ukimuulizia mkewe anabadilisha mada.

Jumamosi redio zikatangaza kimbunga kinakuja pwani ya Kusini. Mchana huo huo kituo kimoja cha TV kikaweka muvi ya zamani ya kimbunga. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni, rangi imefifia, kila baada ya muda kioo kinakuwa cheusi kupisha matangazo.

Tukakaa sebuleni kwangu watatu: mimi, Bi Somoe na Baba Shukuru. Natafsiri Kiingereza pale ninapoweza.

Baba Shukuru hakuiamini tangu mwanzo.

"Mwalimu, tazama minazi. Wa kulia unavunjika, wa kushoto hata jani halitikisiki. Wameweka feni upande mmoja."

Nikaangalia. Kweli bwana.

Kidogo akaruka tena. Gari jekundu lenye taa moja limepita kwenye mafuriko, likapita tena, likapita tena. "Lile lile! Linazungushwa!"

Bi Somoe yeye alikuwa na lake. "Mimi nayasikitikia maji. Wanayamwaga kwa mchezo, na sisi hapa bomba linatoa upepo."

Binafsi niliipenda. Kuna kipande wimbi linaangusha mnara wa kanisa jeupe, nilishtuka. Mtaniambia nyie mlioiona.

Muvi ilipoisha Baba Shukuru akasema, "Na hicho cha redioni ndiyo hivi hivi. Kwa nini waiweke leo? Wana lao hawa."

Nikacheka. Sikujua ameshaanza kuunganisha mambo kichwani.

Jumapili Newala tulipata mvua na upepo wa kawaida tu. Baba Shukuru akaja ameshika simu, hata hodi hakupiga.

Voice note ya mkewe: "Baba Shukuru, huku hali mbaya. Barabara imekatika, kesho siwezi kuja. Utuombee."

Chini yake video, imeandikwa "Pwani ya Kusini leo".

Wakuu, lilikuwa lile kanisa jeupe. Mnara unaanguka. Gari jekundu linapita.

Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini anidanganye, Mwalimu?" akauliza taratibu.

Nikamwambia labda ametumiwa na watu. Hakunisikia. Alishakumbuka kwamba mwanaume aliyewahi kumposa mkewe kabla yake anaishi Mtwara mjini. Bi Somoe naye badala ya kutuliza akatia petroli: "Mwanamke akikutumia sinema, jua naye anacheza yake."

Tukapiga simu ya Mama Shukuru. Haipatikani. Tukapiga tena, haipatikani.

Na mimi hapo nikaanza kujiuliza.

Jumatatu asubuhi akanijia amevaa shati la kutokea. Anakwenda Lukuledi kwa wakwe zake, kuwaambia wakachukue vitu vya binti yao. Anataka niende naye niwe shahidi. Nilikuwa likizo. Nilikubali nikitegemea kumpoza njiani.

Pikipiki yake tukateremka nayo hadi Masasi, kisha tukashika njia ya Lukuledi. Mara kadhaa simu iliita. Anasimama, anaangalia, anakata. "Namba ngeni," anasema. "Ndiye huyo mwanaume, ananipima."

Kule tukapokelewa vizuri mno, na hilo ndilo liliniumiza. Mama mkwe anakuna nazi kabisa.

"Shikamoo baba," jamaa akasema, macho chini.

"Marahaba mwanangu. Habari ya Newala?"

"Nzuri. Baba, nimekuja kwa jambo la binti yenu..."

Simu ya mzee ikaita. Mzee hasikii vizuri, huwa anaweka sauti kubwa. Akapokea.

"Baba, shikamoo! Ni mimi. Hii ni simu ya mwalimu mkuu, yangu imelowa."

Mama Shukuru. Sauti imekauka, nyuma yake watoto wanalia.

Akaeleza kwa haraka. Paa la dada yake lilichukuliwa lote. Walikimbia na kichanga kwenye mvua mpaka shule ya msingi, wako darasani na familia nyingine. Wazima wote. "Baba, nampigia Baba Shukuru tangu asubuhi, anakata. Ana nini? Yuko salama?"

"Yuko hapa," mzee akasema.

Jamaa akachukua simu. "Ile video..."

"Video gani? Ya kwenye grupu? Nilitumiwa nikaituma. Ningepiga yangu saa ngapi, nimebeba mtoto? Na wewe Lukuledi umefuata nini?"

Jamaa akamnyooshea mzee simu.

Mzee akaichukua simu. "Amekuja kututazama, mwanangu. Pumzika."

Alipokata alimgeukia mkwewe. "Mkwe akija na shahidi, najua kilichomleta. Nimekusitiri kwa sababu ana kichanga mkononi. Si kwa ajili yako. Akirudi utamwambia mwenyewe."

Nazi ilikunwa, wali ukapikwa. Sisi wawili tulikula macho kwenye sahani.

Barabara ilipofunguka Mama Shukuru akarudi. Jamaa alimwambia kweli. Najua kwa sababu ukuta ni mmoja, nilisikia. Baadaye Mama Shukuru alimwambia Bi Somoe, "Kule nilikuwa naogopa ukuta usituangukie. Kumbe la kuogopa liko nyumbani."

Bado wako pamoja. Ila sasa mke akisafiri hatumi voice note wala picha. Anapiga simu, jamaa akipokea tu anamuuliza: "Utaniamini, au nikate?"

Nilichojifunza: video inaweza kuwa ya uongo na aliyeituma akawa anasema kweli. Sisi tulikuwa hodari wa kukagua minazi, tukasahau kuisikiliza sauti ya mtu.

Semeni wakuu, ingekuwa wewe ungeamini? Na mlioitazama hiyo muvi, lile kanisa ni la maboksi kweli?