Figo za Mzee Cleophace

Mtu akimwona mzee Cleophace wa Nyaishozi, hutazama kwanza kidole chake. Zamani alipokamua juisi ya ndizi, alikichovya na kuionja. Siku hizi hukificha mfukoni.

Kipimo cha picha kilionyesha figo zake zimekua. Alifurahi, maana shambani kwake mkungu mkubwa ndio wenye afya.

“Sivyo, mzee,” daktari alisema. “Kisukari kinazilazimisha kuchuja kupita kiasi, zinatanuka. Vichujio vyake vinaanza kunenepa. Tumewahi, lakini tupime mkojo tuone kama figo zinavujisha protini.”

Tangu hapo hofu haimwachi.

“Onja juisi wewe, mama Nikuze,” humwambia mkewe.

“Ulimi umestaafu?” mkewe hutania, huku akichovya kidole chake.

Majibu ya mkojo ni Ijumaa. Tangu Jumatatu, viatu vyake vya safari vimekaa mlangoni.