Mgonjwa Anayekimbia Kilomita Arobaini na Mbili

Nilipoanza mazoezi ya mbio ndefu, kitambi kiliisha kwanza, mashavu yakafuata. Mwenyewe nilijiona nimependeza. Majirani zangu wa mtaa wa Mafiga wakaanza kunisalimia kwa sauti ya chini, na mama wa genge akawa ananiongezea nyanya bila kuombwa. "Kula vizuri, kaka," aliniambia.

Habari zikapanda mlimani hadi kijijini kwa mama yangu. Akashuka na magimbi na kuku hai, akanitazama mlangoni, akaangua kilio. Nikamweleza kwamba nakimbia tu.

"Unakimbia nini, mwanangu?"

Nikavaa viatu, nikaenda mazoezini.

Jioni hiyo narudi kutoka mazoezini na kaptura yangu, nakuta jumuiya ya kanisa imejaa sebuleni na sukari na mchele, wanamwombea mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi. Wakanilaza kwenye kochi, wakanifunika kanga, wakasali rozari yote na litania juu. Nilikuwa nimechoka, usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na vilio. Muuguzi mstaafu wa jumuiya alikuwa amenifunga mashine ya presha, na mapigo yangu yalikuwa arobaini na nne. "Moyo unazima," alinong'ona. Nikasema moyo wa mkimbiaji ndivyo ulivyo, una nguvu, hauna haraka. Akasema basi betri imekufa, akaijaribu kwa mama yangu aliyekuwa karibu.

Akarudia mkono wa pili, kisha akaniacha mimi, akamgeukia yeye.

"Kichwa kinakuuma tangu lini, mama?"

"Tangu huyu aanze kukonda."

Hospitali wakampa dawa za presha za kumeza kila siku. Akazikataa katakata. Mama gani ameze dawa, mtoto wake mgonjwa hajameza? Nilikasirika, nikakimbia mbele yake pale pale sebuleni, magoti juu, aone uzima wangu. Akalia zaidi, akidhani malaria imenipanda kichwani. Hapo niliogopa kweli, maana nisipofanya kitu nitamzika.

Basi nikakubali kuugua. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukimbia, nampigia simu huko kwake mlimani.

"Umemeza, baba?"

"Nimemeza, Mama." Nimemeza maji.

"Haya, na mimi nameza."

Juzi mwenyekiti wa jumuiya aliniuliza kama sasa waache kuniombea, maana wameniona nikipanda mlima mbio. Nikamsihi waendelee, na mama akiwapo walitaje jina langu kwa sauti.