Hatua Arobaini za Mtaro

Tulifika Kanyakine mwezi wa saba, na hakuna aliyekuwa ametuambia habari ya baridi. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya maabara katika hospitali ndogo ya misheni. Barua ya kazi ilieleza nyumba, likizo na saa za zamu, lakini haikusema kwamba mwezi huo ukungu hushuka kutoka msituni alfajiri na kukaa mlangoni hadi saa tano. Sisi tulitoka Singida, nchi kavu ya mtama na alizeti. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka mitano. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Vazi zito tulilokuwa nalo lilikuwa koti moja la mume wangu, na wiki ya kwanza tulilivaa kwa zamu.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefunguliwa tena si muda mrefu, na kwetu ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Mume wangu aliponiuliza kama nitamfuata, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Niliacha darasa langu la shule ya msingi, nikafunga vyombo. Kibali changu cha kazi kilikuwa hakijatoka, kwa hiyo nilijikuta, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo cha ualimu, mama wa nyumbani katika nchi ya watu. Sikuogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliamini kwamba pahali popote penye udongo na watu naweza kuishi.

Tulipangishwa nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, jiko likiwa kibanda cha nje, katikati ya mibuni na migomba. Mwenye nyumba aliishi Meru mjini na hakuonekana ila mara moja kwa muda mrefu. Nilidhani jambo moja tu halitanisumbua, nalo ni lugha. Siku ya pili nilikutana na mzee mmoja njiani, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Mzuri sana!" akanijibu kwa furaha, akanipa mkono.

Sokoni ilikuwa vivyo hivyo. Wanawake walizungumza Kimeru wao kwa wao. Nilipofungua kinywa walinyamaza kunisikiliza.

"Naomba unipunguzie kidogo, mama," nilimwambia muuza nduma, magimbi tunavyoyaita kwetu.

"Wewe unaongea kama redio," akasema. "Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akawaita wenzake, nikasema mara ya tatu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kisha muuza nduma akaniongezea mbili bila kupunguza chochote. Nikajua hapo kwamba hawanichukii, ila wananitazama tu.

Kilichonitesa ni maji. Mto ulikuwa bondeni, chini kabisa, na njia ya kurudi ilikuwa mlima wa udongo mwekundu ulioteleza kama mlenda. Nilibeba mtungi wa plastiki kichwani kama nilivyobeba tangu utoto. Mara mbili nilianguka na mtungi wangu, nikasimama nimelowa, nikarudi chini kuchota upya. Mara ya pili mwanamke mmoja alikuwa nyuma yangu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mama wa watoto sita, jirani yetu wa pili. Hakucheka.

"Huku mlima ni ya mgongo, si ya kichwa," akaniambia. Akavua mshipi wake wa ngozi wa kubebea mzigo, akaupitisha kwenye mtungi wangu, akaniwekea mgongoni, mshipi ukakaa juu ya paji la uso. "Inama. Usitazame mbele sana. Tembea."

Nikatembea hadi nyumbani bila kuanguka. Alipoketi kwangu kunywa chai aliniambia kwamba yeye naye hakuzaliwa pale. Alitoka Kiritiri, upande wa Mbeere, nchi ya mbuzi na jua kali, akaolewa huku juu na kulazimika kujifunza Kimeru cha Imenti akiwa na mtoto tumboni.

"Walinicheka mwaka mzima," akasema. "Halafu wakachoka."

Ni yeye aliyeniambia habari ya mradi wa maji. Watu wa kilima chetu walikuwa wameungana kuleta maji ya bomba kutoka kijito cha juu, karibu na msitu. Kila boma lililotaka maji lilipaswa kuchimba sehemu yake ya mtaro, hatua arobaini, kina cha kufika kiunoni. Asiyechimba, bomba linapita mlangoni kwake bila kusimama. Mwenye nyumba wetu hakuwa na habari na jambo hilo. Jina la nyumba yetu halikuwa kwenye orodha.

Mkutano wa mradi ulikuwa Jumapili baada ya kanisa, kwenye uwanja wa shule. Mume wangu alikuwa zamu, nikaenda na watoto. Walipomaliza kusoma orodha nilinyoosha mkono, nikamwomba mwenyekiti anipimie sehemu. Mzee mmoja wa kamati, mrefu, mwenye kofia ya sufu, akasimama kabla yake.

"Huyu ni mpangaji," akasema. "Na si mtu wa hapa. Kesho akienda kwao, hiyo bomba itabaki ya nani?"

Nilihisi masikio yangu yakipata moto, lakini nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya madarasa ya watoto sabini, na wale wazee hawakufika sabini.

"Bomba litabaki hapo hapo lilipo, mzee," nikasema. "Sitaling'oa niende nalo Singida."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengi. Nikaendelea kabla hawajanyamaza. "Nina watoto wawili ndani ya nyumba ile, na wanakunywa maji kama watoto wa hapa. Nipimieni. Nikishindwa kumaliza, msinipe hata tone."

"Na bwana yako?" mwenyekiti akauliza.

"Atachimba siku zake za mapumziko. Siku nyingine nitachimba mimi."

Mwenyekiti aliwaeleza kwa Kimeru wale ambao hawakuelewa. Akanitazama, akautazama mgongo wangu wenye mtoto.

"Mpimieni," akasema.

Walinipimia kesho yake, kwa kamba na vijiti. Jirani yangu wa Kiritiri alikuja kutazama, akasonya. Sehemu ile ilikuwa chini ya ukingo, na maboma mawili yalikuwa yameshaikwepa.

"Wamekupatia mawe," akasema.

"Hata kwetu kuna mawe," nikamjibu, ingawa moyoni nilijua kwamba kwetu tulichimba mchanga wa mto uliokauka, na mchanga haugombani na mtu.

Nilianza na jembe, nikahamia sururu. Kila asubuhi ukungu ulipoinuka nilimlaza mtoto juu ya kanga chini ya mbuni, nikashuka mtaroni. Binti yangu mkubwa alicheza na watoto wa jirani huko juu, na baada ya wiki chache alinijia mbio akipiga kelele, "Mama, ruuji! Ruuji!" Nilimwuliza ruuji ni nini. Akanitazama kwa huruma. "Ni maji, mama. Hujui?"

Mume wangu alichimba Jumamosi. Mikono yake ilizoea vioo vya darubini, na mwanzoni alichimba kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Jioni ya siku ya kwanza hakuweza kushika kijiko. Jumamosi iliyofuata alirudi mtaroni amefunga vitambaa viganjani, akaendelea kuchimba. Nilimpenda sana siku ile.

Hatua ya ishirini na sita tukakuta mwamba. Haukuwa jiwe la kung'oa. Ulikuwa mpana kama kitanda na haukuwa na mwisho kwa chini. Siku tatu sururu yangu ililia juu yake na kuacha alama nyeupe tu. Nikaenda kwa kamati kuuliza kama mtaro unaweza kuuzunguka. Aliyekuja kutazama ni yule mzee wa kofia ya sufu. Alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Bomba haiwezi kupinda hapa," akasema. "Na wengine wote wamemaliza. Ndiyo maana nilisema."

Nilirudi nyumbani nikasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika ndani ya sufuria. Mume wangu alitazama kipande cha mwiko, akanitazama mimi, akala.

Asubuhi yake jirani yangu alinikuta mtaroni nimekaa. Alikuwa na mzigo wa kuni mgongoni, na nyuma yake wanawake wengine watatu, kila mmoja na wake. Mmoja alikuwa yule muuza nduma.

"Kwetu Kiritiri mawe tunapika," akasema. "Toka hapo."

Tulipanga kuni juu ya mwamba wote, tukawasha. Tulilisha moto ule tangu asubuhi hadi baada ya saa nane, mpaka uso ukaungua hata ukisimama mbali. Kisha tukateremka mtoni, tukapanda na mitungi mitano iliyojaa. Jirani alifagia makaa kwa tawi bichi.

"Sasa, wote pamoja," akasema.

Tukamwaga. Mvuke ulipanda kama wa treni, na ndani yake ukatoka mlio mmoja mkavu, kama risasi. Watoto walipiga mayowe. Mvuke ulipoondoka tuliona ufa umekata mwamba kutoka kichwani hadi miguuni, na mwingine ukikatiza katikati.

Yule mzee wa kamati alitokea mbio kutoka kwenye shamba lake la kahawa, akidhani kuna mtu amepigwa bunduki. Alitazama ufa. Alitutazama sisi, nyuso nyeusi kwa masizi, nguo zimelowa. Akavua koti, akalitundika kwenye mti, akashuka mtaroni na kuchukua mtaimbo.

"Sogea, mwalimu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Kanyakine kuniita hivyo, na sijui nani alikuwa amemwambia. Alichokonoa ufa hadi jioni, sisi tukivuta vipande nje. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumngojea aniombe. Wiki mbili baadaye sehemu yangu ilipimwa tena, ikatimia.

Mabomba yalikuja baada ya mvua. Siku ya kufungua maji mchungaji aliomba sala ndefu, na alipomaliza mfereji wa kwanza wa bomba ulikohoa hewa, ukatema tope, ukanyamaza. Watu wakashusha pumzi. Kisha maji yakaja, mekundu, halafu meupe, halafu safi, baridi ya kuumiza meno. Nyumbani kwangu mfereji uliwekwa kando ya jiko. Mume wangu alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka nikamwambia atayamaliza maji.

Tangu siku hizo sikuwa tena mtu wa kutazamwa. Kibali changu kilitoka, nikaanza kufundisha katika shule ya msingi ya jirani. Wazazi walikuja kuniambia niwafundishe watoto wao kuongea kama redio, nami nikawaomba wanivumilie ninaposema Kimeru changu kama mtoto wa miaka miwili. Mwanamke wa Kiritiri alinionyesha jinsi ya kupanda maharagwe kati ya mahindi, na jinsi ya kuponda mukimo wa viazi na mahindi bila kuufanya uji. Mimi nilimpa mbegu za alizeti kutoka kwetu. Alizipanda mbele ya nyumba yake, na wapita njia walisimama kuuliza maua makubwa namna ile yanaliwa vipi.

Miaka miwili ilipotimia, hospitali ilimwuliza mume wangu kama angependa kuongeza mkataba. Alikuja na karatasi moja kwa moja shambani, bado amevaa koti jeupe la kazi.

"Unasemaje?" akauliza. "Turudi nyumbani?"

Niliweka jembe chini. Binti yetu mdogo alikuwa amekaa kwenye mstari wa mahindi akila udongo, nikamfuta mdomo.

"Maharagwe yametoa maua," nikasema. "Siwezi kuliacha shamba likiwa hivi."

"Na yakishavunwa?"

"Yakishavunwa nitapanda viazi."

Akacheka. Akachuchumaa pale pale kati ya mahindi, akatandaza karatasi juu ya goti, akatoa kalamu mfukoni na kutia sahihi.